Mwaka Tuliombadilisha Jina Mama Idi

Tangu tumalize dua ya arobaini, watu wananiuliza swali moja, na wananiuliza huku wakila. Alianza lini? Jirani mmoja wa nyuma ya msikiti, sahani ya pilau mkononi na nyama ameshajichagulia, aliniegemea bega kana kwamba ninamficha bei ya jumla. "Wewe ulikuwa naye kila siku, Saada. Alianza lini kusahau?" Nikamwambia sijui. Hakuniamini. Mtu aliyeuza vitenge mtaani kwetu Nyamirambo, Kigali, tangu ujana wake, anayerudia kuhesabu hata mandazi aliyoyakaanga mwenyewe, hawezi kusema hajui. Lakini ndiyo kweli. Daktari alitueleza kwamba ugonjwa ule huanza miaka mingi kabla mtu hajasahau hata jina la jirani. Unajijenga polepole ndani ya kichwa, na mwenye kichwa anacheka, anapika, anafunga Ramadhani. Kwa hiyo ulikuwepo. Zile asubuhi zote tulizokaa kwenye kibaraza cha duka tukinywa chai ya maziwa, ulikuwa umeketi katikati yetu ukinywa nasi bila kulipa. Nimejaribu kutafuta siku moja ya utu uzima wetu ambayo nina hakika haukuwepo, nijiwekee hiyo peke yake, nikaikosa. Ninachoweza kusimulia ni mwaka tulioujua kwa jina lake. Watu hudhani mtu hufundwa akiwa kijana. Mimi nilikuwa na mvi, magoti yanalia, na nilidhani masomo yangu yamekwisha zamani.

Jina lake la kuzaliwa ni Zaina, ila nadhani ni mimi na karani wa ofisi ya sekta tu tuliokuwa tukilijua. Mtaa mzima ulimwita Mama Idi. Tuliuza pamoja, na namna yetu ya kuuza ilikuwa moja: mimi mkali, yeye mpole. Mteja akiingia nilimtajia bei ya kumtoa machozi, kisha nikageuka kupanga rafu kama nisiyemhitaji. Mama Idi ndiye aliyemsogezea kigoda, akamwuliza habari za watoto, akamnong'oneza kwa huruma kwamba huyu mwenzangu ana roho ngumu, ngoja nimsemeshe. Mteja akaondoka na kitenge kwa bei tuliyokuwa tunaitaka tangu asubuhi, akimshukuru Mama Idi na kuniombea mimi kwa Mungu nibadilike. Mwaka ule, mwanzoni kabisa, akaja mama mmoja kutoka Kabuga, ana harusi ya binti yake, anataka vitenge vya sare kwa shangazi wote. Mimi nilikuwa ndani nikifunga mzigo. Nikamsikia akiuliza, "Mama, hii iko ngapi?" Na Mama Idi akajibu kwa sauti yake ya asali, "Wewe mwenyewe unaona iko ya ngapi?" Yule mama akacheka, akataja. Alitaja zaidi ya bei yetu. Nilitoka nyuma nikiwa karibu nimpige busu.

"Hii umeitoa wapi, dada?" nikamwuliza mteja alipoondoka.

"Ipi?"

"Ya kumwuliza mteja bei."

"Mtu hujiuza mwenyewe," akasema, akamimina chai. Nikaiona ni busara kubwa. Nikaanza kuitumia hata mimi, na msimu ule tuliuza vizuri kuliko kawaida. Hilo linaniumiza mpaka leo kuliko mengine: kwamba ugonjwa uliingia dukani umevaa nguo ya ujanja, nami nikaushangilia. Nilimsikia akimwambia muuza maziwa, "Ulizoea kunipa kiasi gani vile?" Nilimsikia akimwambia fundi wetu wa cherehani, "Wewe unakumbuka tulivyosema, nikatie hivyohivyo." Kila mara nilitabasamu. Kwenye biashara yetu, mtu asiyetaja kitu kwanza ndiye mjanja. Angekuwa mwalimu au karani wangemshika mapema. Kwa muuza vitenge, kutojibu ni sifa.

Ukafika mwezi wa nne, wiki ya kuomboleza, na jioni moja majirani tukakusanyika kama kila mwaka kuwakumbuka waliouawa katika jenoside, yale mauaji ya kimbari. Mama Idi alipoteza mume na watoto wawili wa kiume. Hakuwa mtu wa kusimulia mengi. Kila mwaka alisimama, akataja majina yao matatu, akasema neno moja juu ya kila mmoja, akaketi. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake kwenye viti vya plastiki. Akasimama. Akamtaja mumewe. Akamtaja Idi, akasema alikuwa akipenda kuendesha ringi ya baiskeli kwa kijiti mteremko mzima. Kisha akanyamaza. Watu wakainamisha vichwa. Hapa kwetu mtu akinyamaza katikati ya ushuhuda, unampa nafasi. Alinyamaza sana. Halafu akatabasamu, tabasamu ninalolifahamu, akawageukia majirani na kusema kwa sauti ya asali, "Na mdogo wake, ninyi wenyewe mnamjua. Nisaidieni. Tulikuwa tunamwita nani?"

Mzee mmoja nyuma akasema, "Yusufu." Wanawake wawili watatu wakarudia, "Yusufu," taratibu, kama watu wanaoitikia dua. Akasema, "Ehe, huyo," akaketi. Vijana wa kujitolea wakaja na maji na shuka, wakamshika mabega, wakamtoa nje kwa upole kama wanavyomtoa kila aliyezidiwa. "Ni ihahamuka," wakanong'onezana, jina letu la ule mshtuko unaorudi kumkamata mtu kana kwamba mambo yanatokea leo. "Ihangane, mama, ihangane," wakambembeleza avumilie. Mimi nilibaki kwenye kiti. Nilikuwa nimeisikia sauti ile dukani kila siku. Hakuwa amezidiwa. Alikuwa ametafuta bei akaikosa, akamwuliza mteja.

Hata hivyo sikusema. Wote walimhesabu kuwa ni mgonjwa wa huzuni, nami nikataka hesabu yao iwe sawa. Kwa watu wa umri wetu hapa Kigali, kila kitu kisichoeleweka tunakirudisha kwenye ule mwaka wa mauaji: mtu asiyelala, mtu anayelia sokoni, mtu anayesahau. Mara nyingi tunapatia. Wanawake wakamletea uji na isombe, kisamvu chetu, mshauri wa afya wa mtaa akaja kukaa naye, akaambiwa aongee, atoe yaliyo moyoni. Mama Idi aliwasikiliza kwa adabu. Mimi nilikuwa ninaomba ugonjwa wake uwe ni mshtuko. Fikiria mtu anavyofika mahali pa kuombea hilo.

Ni yeye aliyenivunjia hesabu hiyo. Tulikuwa chumba cha nyuma cha duka, pale kwenye cherehani ya zamani na mabunda yasiyofunguliwa, tunakula viazi vya kuchemsha kwa chumvi. Akasema bila kuniangalia, "Saada, mimi sina ihahamuka. Ninaijua, niliwahi kuwa nayo. Hiyo inakuletea watu usiowataka. Mimi wananitoka."

"Uchovu, dada."

"Usinipunguzie." Akaweka kiazi chini. "Idi ninaye kwa sababu mnaniita kwa jina lake kutwa nzima. Mdogo hakuwa na wa kumwita. Nimemwacha njiani. Mama gani anamsahau mtoto jina? Nataka nijue kama ni mimi niliyemwacha, au kuna kitu kinanichukulia. Nipeleke kwa mtu anayeweza kusema."

Basi nikampeleka. Sitaitaja hospitali. Daktari alikuwa binti mdogo aliyekulia Kampala, Kiswahili chake cha kuokoteza, akikwama anaingia Kinyarwanda, lakini macho yake yalikuwa yametulia. Alianza na maswali ya karatasi. Nilikaa pembeni kwenye kiti cha chuma, na ninakiri nilikuwa nashangilia moyoni kama niko uwanjani.

"Mama, leo iko siku gani?"

Mama Idi akatupa jicho dirishani. Wanaume wawili wa kanzu nyeupe walikuwa wakipita haraka. "Ijumaa," akasema, "na hawa wamechelewa."

"Vizuri sana. Nitataja maneno matano, baadaye utanirudishia."

"Kama unayo wewe, ya nini tena uyatafute kwangu?"

Daktari akacheka mpaka akaondoa miwani. Alama zikatoka si mbaya. Mtu ambaye hakusoma, akasema daktari, karatasi hii humwonea, na mtu mjanja huionea karatasi. Kwa mama huyu, akasema, siwezi kujua ni nani amemwonea mwenzake. Nikamwuliza, sasa tunafanyaje? Akasema, tuiulize damu. Damu haijui kuongea na watu.

Kwanza walitafuta yale yanayotibika, na hapo ndipo tulipokuwa na matumaini: tezi ya shingo, upungufu wa vitamini, maambukizi ya zamani yanayopanda kichwani. Nilijikuta ninamwombea rafiki yangu kaswende. Hakuwa nayo, hakuwa na lolote kati ya hayo. Wakampiga picha ya kichwa kwenye ile mashine inayogonga kama fundi bati. Kisha wakachukua damu nyingine, ikasafirishwa nje ya nchi kwenye barafu, kutafuta alama za protini mbili. Tulingoja wiki nyingi. Dukani nilianza kutaja bei mimi kabla hajaulizwa, na yeye akajifanya hajaona.

Siku ya majibu daktari alivuta kiti akakaa upande wetu wa meza. Ukiona muuzaji amehama upande, jua habari si nzuri. Akaeleza kwa vitu tunavyovijua. Protini ya kwanza hujikusanya kati ya chembe za ubongo, vibonge vibonge, kama uchafu unaoganda kwenye mfereji. Ya pili iko ndani ya chembe zenyewe. Kazi yake ni kuzishikilia ziwe imara, lakini katika ugonjwa huu inajisokota kama uzi ulioharibika kwenye bobini, mpaka mashine inakwama. Damu ya Mama Idi ilikuwa na dalili za zote mbili, na ya uzi ilikuwa juu sana. Na katika picha, ile sehemu ya ubongo inayopokea mambo mapya ilikuwa imesinyaa. "Ni Alzaima," akasema. "Si huzuni. Huzuni haiachi alama hizi."

Nikauliza iko hatua gani. Nilikuwa nimesikia, kwa mtoto wa jirani anayesoma mambo ya dawa, kwamba huko nje kuna dawa mpya ya kutia kwenye mshipa, inasafisha vile vibonge, lakini wanapewa wale walio mwanzoni tu. Kwa hiyo swali langu halikuwa swali. Nilikuwa nimekuja kupatana bei.

"Kuna ngazi mbili, mama," daktari akasema. "Moja iko ndani ya ubongo: alama zimefika wapi. Nyingine iko nyumbani: anapika, anavaa, anafanya kazi? Mara nyingi zinapandwa pamoja. Kwake zimeachana. Nyumbani anaonekana yuko chini, mwanzoni kabisa. Ndani amepanda sana."

"Basi tumweke kwenye ile ya nyumbani."

"Haiwekwi hivyo."

"Katikati, basi. Wewe ushuke kidogo, mimi nipande kidogo."

Daktari hakucheka safari hii. Akaniambia ipo picha nyingine, ya mashine kubwa, inayoonyesha kabisa uzi umefika chumba gani cha ubongo. Ingebidi tusafiri nchi nyingine, na akiwa mkweli, haitabadilisha atakachoweza kumpa. Dawa ile hapa hana, na hata angekuwa nayo asingethubutu kwa mtu aliyefika pale. Ina hatari ya kuvujisha damu kichwani. Nikamwambia, "Lakini anauza! Juzi ameuza!" Akanijibu polepole, kwa Kinyarwanda ili asikosee, kwamba kuna vichwa vilivyofanya kazi kali maisha yote, kupatana, kukumbuka sura, kusoma watu, na vichwa hivyo hujua kuzunguka palipobomoka. Vinaficha muda mrefu. Lakini vikishindwa, vinashuka kwa kasi. Nilimwelewa vizuri kuliko nilivyotaka. Nimeona maduka ya namna hiyo: mbele vitambaa vimepangwa vinang'aa, ukifungua mlango wa stoo ni saruji tupu.

Wakati wote ule Mama Idi alikuwa ameketi, mkoba mapajani. Tulikuwa tumepatana juu ya kichwa chake kama bunda lililo mezani. Sasa akamgusa daktari mkono.

"Mwanangu, hii protini. Ndiyo iliyomchukua Yusufu?"

Daktari akanitazama, nikamweleza kwa kifupi. Akasema, "Ndiyo, mama. Ndiyo."

"Si mimi niliyemwacha."

"Si wewe. Wala usingeweza kuizuia."

"Na kwa nini haikumchukua mkubwa?"

"Kinachorudiwa kila siku huchelewa kutoka."

Mama Idi akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei na akaiona ni ya haki. Akajifunga mtandio vizuri. Mimi ndiye niliyelia, tena kwa kelele, hadi nesi akafungua mlango. Yeye alinipa kitambaa chake akaniambia, "Wee Saada, unamwaibisha daktari."

Nje, kabla hatujavuka barabara, alinishika mkono. "Umesikia alivyosema? Kinachorudiwa. Idi ameitwa miaka yote hii, ameshiba. Kuanzia leo mniite Mama Yusufu." Nikamwambia mtaa hautaweza, mtu habadilishi jina la mtoto uzeeni. Akasema, "Mtaa ni wateja. Watazoea."

Tukaanza siku hiyohiyo. Mtu akipita asubuhi akamsalimu, "Mama Idi, mwaramutse," hakugeuka. Akirudia, alimjibu, "Huyo simjui." Mafundi wa cherehani walisahau wakarekebishwa, wakasahau tena. Muuza nyama, mzee mtani, akamwuliza kwa sauti sokoni, "Kwani umeolewa tena, umepata mtoto mwingine?" Naye akamjibu, "Nimejifungua, ni wewe tu hukualikwa. Leta nyama ya uzazi." Akapewa figo bure. Vijana wa pikipiki ndio waliozoea kwanza, wakawa wanapiga kelele toka mbali, "Mama Yusufuu!" na kila alipolisikia aliinua kidevu, akasimama sekunde kama anayehakikisha kitu mfukoni, kisha akaitikia.

Na Yusufu akarudi. Sikutegemea, lakini alirudi kidogokidogo, chumba cha nyuma, kati ya mabunda. Ilikuwa kana kwamba jina lilikuwa mlango, na ukishikiliwa wazi vitu vingine vinapita. Alinieleza kwamba alikuwa na meno yaliyoachana mbele. Kwamba alikataa kula isombe mpaka aambiwe ni ya jirani. Kwamba mvua ikipiga bati alikimbilia chini ya cherehani, hii hii, akashika kanyagio kwa mikono miwili, na yeye mama asiweze kushona mpaka mvua ikatike. Miaka yote niliyofanya kazi naye sikuwahi kusikia hata moja la haya. Alikuwa akitaja jina na neno lake moja la kila mwaka, akaketi. Wengine wangesema nina bahati kwamba ugonjwa ulimfungua mdomo. Mimi nasema nililipishwa sana. Alikuwa akinisimulia kisha ananiuliza kama anavyowauliza mafundi vipimo: "Nimesema nini?" Nami nikarudia, meno, isombe ya jirani, kanyagio. Nikikosea alinipiga kofi la goti. Ikaja siku nilipokosea na hakunipiga. Alisikiliza tu kwa adabu, kama mtu anayesimuliwa habari za mji mwingine.

Daktari hakutudanganya kuhusu kasi. Kabla mwaka haujaisha hakuweza tena kukata kitambaa. Nilificha mkasi, nikamwachia kazi ya kukunja, akakunja kitenge kilekile mchana kutwa. Alilala kwangu, kwenye kitanda cha upande wa dirisha. Aliishi muda baada ya hapo, ila kwangu mwaka ule uliisha kibarazani, alasiri moja ya kawaida, tukiwa na vikombe vyetu. Fundi mmoja kijana alipita, futi ya kupimia shingoni, akasalimu kama alivyozoea, "Mama Yusufu, amakuru?" Yeye hakuinua kidevu. Alimsubiri apite, akaniinamia.

"Yusufu ni nani?"

Kama ningesema ni mwanao, swali la pili lingekuwa yuko wapi, na ningempa msiba ule mpya kabisa, alasiri ile, na kesho tena, na keshokutwa. Alikuwa ameenda hospitali kwa miguu yake ili ajue kwamba hakumwacha mtoto. Sikuweza kumrudisha kwenye kosa hilo. Lakini pia sikuweza kusema Yusufu si mtu.

"Ni mwanangu," nikasema. Mimi, ambaye sikujaaliwa kuzaa, na mtaa mzima unajua.

"Ehe?" Uso wake ukang'aa kwa furaha ya jirani mwema. "Mzuri?"

"Mzuri. Ana mwanya. Anaogopa mvua."

"Atakua, ataacha." Akanywa chai. Kisha paji la uso likakunjamana, ukamrudia ule uso wa biashara ambao sikuwa nimeuona kwa muda mrefu. "Sasa kwa nini wananiita mimi kwa jina la mtoto wako?"

"Wanakosea tu, dada."

"Hapana. Mtoto wa mtu hachukuliwi hivyo." Akaweka kikombe chini, akasimama kwa kujishikilia nguzo, akaenda hadi ukingo wa kibaraza. "We fundi! We kijana, rudi hapa!" Kijana akarudi mbio, akidhani kuna la kubeba. Mama Idi akaninyooshea kidole. "Mama Yusufu ni huyu hapa. Mwite yeye."

Kijana akanitazama. Alikuwa anajua yote. Nani asiyejua pale. Nikampa ishara ya kichwa.

"Samahani," akasema, akashika futi yake kwa mikono miwili. "Amakuru, Mama Yusufu?"

Nikaitika.